Masikio ya Ndege ya Tororo

Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa tano nilimpoteza dada yangu Nabwire, mwanangu, yule ambaye jina lake unalibeba wewe. Lakini nikikaa peke yangu, siku inayonirudia si hiyo Alhamisi. Ni Jumatano ya kabla yake, pale kwenye uwanja wa ndege wa Tororo, asubuhi jua likiwa bado upande wa Kenya.

Juzi ulipokuja kuniaga hapa Sikuda ulinionyesha video ya bawa la ndege kwenye simu yako, ukaniuliza, "Babu, hivi vipande vinavyopanda na kushuka huku nyuma vinafanya kazi gani?" Mama yako alikuwa ameketi pale pale akichambua maharagwe. Nikakwambia nitakueleza baadaye, nikatoka nje kuangalia mbuzi. Mbuzi hawakuwa na shida yoyote. Unakwenda kusomea ufundi wa ndege, na swali lako lilikuwa zuri. Ila kwangu mimi jibu lake halitoki bila Nabwire, bibi yako, kuwemo ndani, na sikutaka kuanza kusema mbele ya mama yako kisha nishindwe kumaliza. Kwa hiyo naandika. Shule yangu iliishia darasa la saba, basi utanisamehe nitakapokosa majina ya vyuma. Majina utapewa na walimu wako. Mimi nitakupa niliyoyaona.

Siku zile nilikuwa kijana, sijaoa, nafanya kazi kwenye uwanja huo wa Tororo. Usifikirie Entebbe. Ulikuwa ukanda wa ardhi ulionyooka, nyasi pembeni, kibanda cha mabati na mapipa ya mafuta. Ndege ndogo ya wamisionari ilikuwa ikitua pale kila wiki kuleta dawa. Kazi yangu ilikuwa kufyeka nyasi, kusukuma mafuta kwa pampu ya mkono, na kuwafukuza ng'ombe, kwa sababu nyasi za uwanja zilikuwa nzuri kuliko za mahali pengine popote na wenye ng'ombe walilijua hilo.

Fundi wa ndege alikuwa Mzee Owor, Japadhola kwa kabila, wa Nagongera, mfupi, mwenye mikono iliyonuka mafuta ya taa hata Jumapili kanisani. Hakuwahi kuniita kwa jina langu, Wandera. Aliniita Msamia, kwa kabila langu. "Msamia, leta spana. Msamia, leo umekula samaki ngapi, mbona wewe nalala?" Nami nilimjibu kwamba watu wa kwao wakishashiba ugali wa wimbi hawawezi hata kuinama. Ndivyo tulivyoishi.

Siku moja tulikuwa kwenye pikapu tukienda Malaba kuchukua mafuta. Akaniambia, "Toa mkono inje." Nikautoa dirishani. "Laza kiganja, kama mtu nafunika chungu." Nikakilaza, upepo ukapita juu na chini, mkono ukatulia. "Sasa inua upande ya kidole gumba, kidogo tu." Nikainua, na mkono ukapaa wenyewe mpaka bega likashtuka. Mzee Owor akacheka sana.

"Umeona? Hakuna mtu navuta wewe juu. Wewe nasukuma upepo chini, upepo nasukuma wewe juu. Bawa ni hiyo."

Mimi, kwa kuwa nilikuwa kijana, nikainua kiganja zaidi nikidhani nitapaa zaidi. Mkono ukatupwa nyuma ukagonga chuma cha dirisha.

"Na hiyo pia ujue," akasema, bila kucheka safari hii. "Ukiinua pua sana, upepo haiwezi tena kushika mgongo ya bawa. Inakatika. Hapo ndege si ndege, ni jiwe yenye viti."

Kuhusu huo mgongo wa bawa, mwanangu, jaribu jikoni kwenu. Shika kijiko kwa ncha ya mpini kining'inie, mgongo wake uguse kidogo maji yanayotoka bombani. Utadhani maji yatakisukuma kijiko mbali. Yatakivuta. Na ukitazama, utaona maji yenyewe yameufuata mviringo wa kijiko yakageukia upande mwingine. Upepo nao hufanya hivyo juu ya bawa. Huufuata mgongo wake, na unapoachana nalo huku nyuma unakuwa umeelekezwa chini. Bawa linaugeuza upepo kwenda chini, na malipo yake ni kubebwa juu. Mzee Owor alinionyesha jambo hilo kwa kijiko cha chai, na mpaka leo nikiosha vyombo hujikuta nikilirudia.

Sasa vile vipande ulivyoniuliza. Nyuma ya kila bawa, kule mwishoni, kuna kipande kirefu kilichofungwa kwa bawaba kama mlango. Mzee Owor alikiita sikio. Masikio hayo mawili hayafanyi jambo moja. La huku likipanda, la kule linashuka. Sikio likishuka, bawa lake linausukuma upepo chini kwa nguvu zaidi, basi bawa hilo linanyanyuka. Sikio likipanda, bawa lake linapungukiwa nguvu, linateremka. Ndivyo ndege inavyolala upande. Na ikilala ndipo inapogeuka, maana ile nguvu ya kubebwa juu sasa inaivuta pia ubavuni. Mtazame bodaboda akikata kona. Hageuzi usukani peke yake, analaza pikipiki nzima. Asipoilaza ataingia mtaroni.

Mkiani kuna vipande vingine. Kile kilicholala hupeleka pua juu au chini. Rubani akivuta usukani kifuani, kipande hicho kinapanda, upepo unausukuma mkia chini, na pua inainuka. Kile kilichosimama huipeleka pua kushoto na kulia, nacho huendeshwa kwa miguu. Tena kuna vingine kwenye mabawa, karibu na mwili wa ndege, ambavyo huteremka vyote viwili kwa pamoja wakati wa kutua, ili ndege iweze kwenda polepole bila kuanguka. Kwenye ndege yetu vyote vilivutwa kwa waya za chuma zilizopita chini ya sakafu juu ya kapi ndogo, kama kapi ya kisima. Rubani anageuza usukani, waya inavuta, sikio linaitikia. Ukifunga waya ya kushoto mahali pa ile ya kulia, sikio litaitikia vile vile, tena bila ubishi. Ila litaitikia kinyume.

Jumanne ya wiki ile ndege ilitua mchana, mvua kubwa ikanyesha, ikabidi ilale pale. Siku hiyo hiyo Nabwire alishikwa na uchungu. Alikuwa ameolewa na babu yako Barasa, mfanyabiashara wa Busia upande wa Kenya, lakini uchungu ulimkuta Tororo alikokuja kuniona. Alinilea tangu mama yetu alipofariki, naye hakuacha kunilea hata nilipoota ndevu. Nilimpeleka hospitali, Barasa akaja, na jioni nikawa huko nikimpelekea uji. Daktari alisema mtoto amekaa vibaya, kwamba lazima apasuliwe, na damu ya kundi lake haipatikani hapa karibu. Apelekwe Kampala. Barabara wakati ule ilikuwa mashimo na vizuizi vya askari. Barasa akamwendea rubani, Kapteni Makokha, naye Mluhya wa upande wa Kenya, mtu wa maneno machache. Akasema, "Asubuhi na mapema. Mleteni."

Lakini jioni ile, mimi nikiwa hospitalini, uwanjani hapakuwa na mtu wa kufukuza ng'ombe. Fahali mmoja wa Mzee Emojong, jirani wa uwanja, alikuta bawa limesimama kwa kimo kinachomfaa, maana ndege ile mabawa yake yalikuwa chini, akaliegemea ajikune. Alijikuna kwenye sikio la kushoto mpaka likapinda, na waya yake ikaruka kutoka kwenye kapi ikaanza kukatika nyuzi.

Nilipofika alfajiri nilimkuta Mzee Owor amelala chali chini ya ndege, na Emojong amesimama pembeni, fimbo mabegani.

"Ng'ombe yako alikuwa anataka kwenda Kampala?" Mzee Owor alimwuliza kutoka huko chini.

"Wewe umeweka chuma katikati ya majani," Emojong akajibu. "Ng'ombe atajua aje kama hiyo si mti?"

"Mti yenye magurudumu?"

"Ng'ombe haangalii chini."

Ningecheka siku nyingine yoyote. Mzee Owor alilinyoosha sikio kwa nyundo ya mpira na ubao, akalipima kwa uzi na kwa jicho. Akaitoa waya iliyoharibika, akachukua mpya kutoka kwenye sanduku la vipuri, akaipitisha kwenye kapi zake. Ili kufanya hivyo ilimbidi afungue waya zote mbili pale zinapokutana chini ya sakafu, mahali pembamba ambapo unafanya kazi kwa vidole bila kuona. Alifunga, akakaza, akatoka akijifuta jasho.

Wakati huo pikapu ikaingia uwanjani. Nabwire alikuwa amelazwa nyuma kwenye godoro, shuka kichwani kwa ajili ya jua, Barasa akiwa amemshika mkono. Waliegesha mbele ya ndege, hatua chache kutoka kwenye pua yake. Niliuona uso wa dada yangu ukiwa wa rangi ya majivu.

"Twende!" Barasa akaita. "Makokha, washa!"

Kapteni Makokha alikuwa tayari ameketi. Mzee Owor akainua mkono. "Bado. Tunaangalia masikio."

Alikuwa na utaratibu wake, mwanangu, ambao sikuwahi kumwona akiuacha. Rubani hukaa ndani na kugeuza usukani kushoto, kisha kulia. Mtu mwingine, asiye yule aliyefunga waya, husimama nje akataja sikio lipi liko juu. Mzee Owor mwenyewe husimama mlangoni akiwasikiliza wote wawili. Rubani akigeuza kushoto, sikio la kushoto lazima liwe juu. Siku ile wa kusimama nje nilikuwa mimi.

Nilisimama mbele ya ndege. Sikufikiri kwa nini. Leo najua ni kwa sababu pikapu ilikuwa pale, na nikiwa pale nilikuwa namwona Nabwire.

"Kushoto," Kapteni Makokha akasema, akageuza usukani.

Masikio yakatembea. Moja juu, jingine chini, laini kabisa.

"Yanatembea, Mzee!" nikasema. "Waende."

"Sikuuliza kama natembea. Nauliza gani iko juu."

Nikatupa jicho. "La kushoto. Amegeuza kushoto, na la kushoto liko juu. Sawa kabisa."

Barasa alikuwa ameshaanza kushusha ubao wa pikapu ili tumbebe mgonjwa. Mzee Owor hakusogea mlangoni.

"Wewe nasimama wapi, Msamia?"

"Hapa."

"Hapa wapi? Nasikia sauti yako natoka mbele."

"Mzee, tafadhali," nikasema. "Waya umefunga wewe mwenyewe. Wewe ni fundi, nani asiyejua? Unatafuta nini tena?"

Hapo akageuka akanitazama.

"Nilifunga mimi. Ndiyo maana siamini. Kazi ya mtu mwingine naweza kuamini kidogo. Yangu, nilikuwa na haraka kama wewe, vidole yangu ilikuwa natetemeka, nilikuwa nasikia hiyo gari nakuja. Toka hapo mbele. Enda nyuma ya mkia, angalia kule ndege naangalia."

"Dada yangu yuko hapa!"

"Unapenda yeye?"

Lilikuwa swali gani hilo.

"Kama unapenda yeye, acha kuangalia yeye," Mzee Owor akasema. "Angalia bawa."

Nikasikia sauti ya Nabwire kutoka kwenye pikapu, dhaifu, lakini ile ile ya kuniamrisha niende kuteka maji. "Wandera, fanya anavyosema mzee. Mimi nitakwenda wapi na tumbo hili?"

Nikazunguka mpaka nyuma ya mkia. Nikasimama nikiitazama ndege kwa nyuma, kushoto kwangu kukiwa kushoto kwake.

"Kushoto," rubani akasema tena.

Sikio lililopanda lilikuwa la kulia.

Niliinua mkono wangu wa kulia, nikausimamisha hewani, na Mzee Owor akauona. Niliposimama mbele nilikuwa nimesema kweli kwa macho yangu, kwamba lililo upande wa kushoto wangu liko juu. Lakini mtu anayetazamana na wewe, kushoto kwako ni kulia kwake. Waya zilikuwa zimepishana, na kosa langu la kusimama lilikuwa limelifunika kosa la vidole vyake. Makosa mawili yalikutana yakaonekana kama kitu kilicho sawa.

"Kuna nini?" Barasa akauliza. Alikuwa ameshamnyanyua Nabwire nusu.

"Laza yeye," Mzee Owor akasema. "Nimefunga vibaya. Nafungua."

"Itachukua muda gani?"

"Muda yake."

Barasa alimtukana. Sitaandika alivyomtukana, maana alikuwa babu yako na alikuwa anaogopa. Alisema mzee anachezea bati huku mke wake anakufa, na kwamba angempeleka kwa gari, na kwamba gari lisingefika, na kwamba kwa nini dunia hii ina mafundi vipofu. Mzee Owor hakumngoja amalize. Alikuwa ameshajilaza tena chini ya ndege. Mimi nilikaa kwenye pikapu nikimpepea dada yangu kwa kipande cha boksi. Aliniuliza kama nimekula. Nilimwambia nimekula, na haikuwa kweli. Akasema, "Unadanganya vibaya, kama ulivyokuwa mdogo." Kisha uchungu ukamrudia na hatukuongea tena.

Jua lilitoka upande wa Kenya likaja juu ya vichwa vyetu. Mzee Owor alipomaliza hakusema amemaliza. Alisema, "Msamia, mkiani." Nikaenda mkiani. Kushoto, nikainua mkono wa kushoto. Kulia, nikainua wa kulia. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Ndipo akatoka mlangoni, nasi tukambeba Nabwire tukamwingiza kwa mlango wa nyuma, Barasa akapanda naye.

Ndege ilikimbia kwenye ukanda ikanyanyuka. Ilikuwa bado chini, kimo cha miti ya mikaratusi iliyokuwa mwisho wa uwanja, upepo ulipoipiga kutoka upande wa ule mwamba mkubwa wa Tororo. Bawa la kushoto likazama ghafla. Nililiona likielekea ardhini kwa ncha. Kisha nikaliona sikio la kulia likipanda na la kushoto likishuka, na lile bawa lililozama likanyanyuka taratibu, kama mtu aliyejikwaa akashikwa mkono, na ndege ikakaa sawa.

Mwanangu, nataka uelewe nilichokiona pale. Kapteni Makokha aligeuza usukani kulia kama rubani yeyote angefanya. Kama waya zingebaki zilivyokuwa asubuhi, mkono ule ule, kwa nia ile ile ya kuokoa, ungelizamisha bawa lile zaidi. Na kadiri angezidi kugeuza ndivyo angezidi kuwaua. Hapakuwa na nafasi ya kutafakari kati ya bawa na ardhi.

Mzee Owor alikuwa amesimama kando yangu. Hakusema "Umeona?" Alikaa chini kwenye nyasi, miguu mbele kama mtoto, akabaki hapo.

Mama yako alizaliwa Kampala usiku ule. Nabwire alifariki kesho yake. Damu ilikuwa imemwisha.

Umekua ukisikia katika ukoo wetu watu wengine wakisema kwamba asingechelewa angepona. Nimeishi na maneno hayo tangu ujana wangu na sijawahi kupata jibu lake. Huenda saa zile zilizopotea uwanjani ndizo zilizomnyima uhai. Sitakudanganya kwa kusema hapana. Daktari hakusema ndiyo wala hapana, na mimi si daktari. Ninalolijua kwa macho yangu ni la bawa. Kama ndege ingeondoka pale nilipotaka iondoke, mama yako asingezaliwa, na wewe usingekuwepo kuniuliza maswali.

Basi nasaha yangu kwako ni hii, nami naitoa kwa ufupi kwa sababu mengine yote umeshayasoma hapo juu. Huko unakokwenda utafunga vitu ambavyo watu watapanda juu yake na kulala usingizi. Kazi ya mikono yako usiiamini kwa sababu ni yako, hasa siku utakapokuwa na haraka, na hasa siku atakapokuwepo mtu unayempenda akisubiri. Mtu akikwambia kitu kinatembea, mwulize kinatembea kwenda wapi. Kabla hujasema hiki ni kushoto na hiki ni kulia, angalia kwanza umesimama wapi, na kama huoni kama aonavyo yule aliye ndani, zunguka mpaka uone kama yeye. Nimelihitaji jambo hilo hata kwenye ndoa yangu na kwenye ugomvi wa mashamba, siyo kwenye ndege peke yake. Na ukigundua umefunga vibaya, sema nimefunga vibaya, kwa sauti, mbele ya hao hao wanaokusubiri, kisha ulale chini ufungue. Watakutukana. Acha wakutukane.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na akupe moyo wa kuichunguza kila siku. Kila utakachokifunga kipae na kitue. Anayekungoja nyumbani asiletewe habari kama tulizoletewa sisi. Dada yangu angekuona angekutuma maji kwanza, halafu angejisifu kwa majirani.

Limebaki jambo moja, nami nikilimaliza nitaweka kalamu chini.

Nabwire tulimzika nyumbani kwa Barasa, upande wa Kenya, si mbali na mpaka. Mama yako alikuwa bado hospitalini na shangazi yake. Mzee Owor alikuja kutoka Nagongera na shati lake la kanisani, akasimama nyuma ya watu, kofia mkononi. Barasa alipomwona akaacha kusikiliza mahubiri. Akanyoosha kidole mbele ya watu wote.

"Huyo mzee ndiye aliyenichelewesha."

Watu wakageuka. Mzee Owor akasogea mbele kidogo ili aonekane.

"Ni kweli," akasema. "Waya nilifunga mimi, na nilifunga vibaya. Ningefunga vizuri mara ya kwanza, mngeondoka mapema. Hiyo ni yangu."

Hakusema neno juu ya bawa lililozama. Alikuwa ameliona kama mimi, na hakulisema. Nilitazama pembeni nikingoja alitaje, mpaka nikaelewa kwamba hatalitaja. Ndipo nikasimama, mdogo wa marehemu, na nikawaeleza watu nilichokiona pale juu ya mikaratusi, upepo ulivyopiga, sikio lipi lilipanda na lipi lilishuka, na nini kingetokea kama ndege ingeondoka nilipotaka mimi. Barasa alikuwa ndani ya ndege ile. Alikumbuka mtikisiko, lakini alidhani ni upepo tu. Mchungaji akamaliza sala.

Wakati wa kufukia kaburi wanaume walipokezana sepeto kama kawaida. Barasa alianza, akatupa udongo mpaka shati lake likalowa. Watu walinyoosha mikono kumpokea, lakini akawapita. Akatembea mpaka alipokuwa amesimama Mzee Owor, akampa yeye sepeto.

Mzee Owor akaweka kofia yake chini, akaipokea, akaanza kufukia.